Fanksheni iulizwe inapokea nini: barua ya wazi kwa watunga mitaala wa Butiama

Kwa wahadhiri na watunga mitaala ya kompyuta,
Chuo Kikuu cha Mwalimu Julius K. Nyerere cha Kilimo na Teknolojia,
Butiama, Mara.

Waheshimiwa,

Vituo 1,812 vya kuchotea maji vya Tanzania vimeandikwa kuwa viko baharini. Longitudo yake ni sifuri, latitudo yake ni sifuri kasoro chembe, na mahali namba hizo zinapokutana ni Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Safu ya mkoa kwenye kumbukumbu hizohizo inasema vituo hivyo ni vya Shinyanga na Mwanza. Mwanza ni jirani anayetazamana na Bunda kuvuka Ghuba ya Speke.

Kumbukumbu hizo zimo katika orodha ya vituo 59,400 iliyotokana na kazi ya Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa. Nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013, kisha zikawekwa hadharani na DrivenData kwa ajili ya mashindano ya kubashiri kituo kipi kinatoa maji na kipi kimekufa. Vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 havikuwa vikitoa maji. Mkoa wa Mara una vituo 1,969 humo, vikiwemo vya Bunda na vya Musoma Vijijini ya wakati ule. Katika orodha hiyohiyo vituo 20,709 vimejengwa mwaka 0, na vituo 20,438, zaidi ya theluthi moja ya vyote, viko mita 0 kutoka usawa wa bahari.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila moja ya sifuri hizo ilipita kwenye programu, na ndani ya programu ilipokelewa na fanksheni fulani. Fanksheni ile, kama iliuliza lolote, iliuliza swali moja tu: je, hii ni namba? Sifuri ni namba. Ikapita, ikahifadhiwa, na ikakaa humo ikingoja siku ambayo mtu atahitaji kujua fundi atumwe kijiji gani.

Barua hii inaletwa Butiama kwa ombi moja. Wanafunzi wa chuo hiki wanaojifunza kompyuta wapewe angalau muhula mmoja wa lugha ya ukoo wa Lisp, iwe Common Lisp, Scheme, Racket au Clojure, na katika muhula huo wafundishwe kwa kina jambo ambalo kozi nyingi za kuandika programu hulipitia juujuu: jinsi fanksheni, ikiwa kazini, inavyoweza kuchunguza aina ya kila kitu inachokabidhiwa, na jinsi fanksheni yenyewe inavyoweza kuulizwa inapokea nini. Kitabu chao cha mazoezi kiwe takwimu za maji, za shule na za mazao za Musoma, Bunda na Butiama.

Ombi hilo lina historia katika mkoa huu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977, na kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu apitie kwanza kazini. Watu wamebishana sana juu ya kipengele hicho cha pili, na utekelezaji wake ulikuwa na gharama zake, lakini wazo lililobeba azimio lote ni zito hadi leo: msomi aijue kazi ambayo elimu yake itaihudumia. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na marufuku ilikuja baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kwenda mrama. Maamuzi hayo mawili ya mwaka mmoja hayasomwi pamoja mara nyingi, na yanastahili kusomwa pamoja. Nchi iliogopa mashine inayotoa majibu ambayo hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza yametoka wapi. Hofu ile ilikuwa na msingi. Marufuku iliondoka zamani, kompyuta zimefika hadi ofisi za kata, na swali la majibu yasiyoelezeka bado liko mezani.

Kwa nini Lisp, na si lugha nyingine? Lisp ilibuniwa na John McCarthy huko MIT mwaka 1958, na makala iliyoitambulisha kwa ulimwengu ilitoka mwaka 1960. Ndani ya makala hiyo McCarthy aliandika fanksheni inayoweza kusoma programu yoyote ya Lisp na kuitekeleza. Yeye aliiona kama jambo la nadharia. Mwenzake Steve Russell akaona kwamba inaweza kuandikwa hasa kwa ajili ya mashine ya IBM 704, akaiandika. Tangu siku hiyo ukoo wote wa Lisp umekuwa na sifa ambayo lugha nyingine ziliipata kwa kuchelewa na kwa vipande: programu ni orodha, na orodha ni kitu ambacho programu nyingine, au programu hiyohiyo, inaweza kukishika na kukikagua.

Sifa ya pili ndiyo inayohusu barua hii. Katika lugha kama C au Java, aina hutangazwa kwenye jina: parameta hii ni namba kamili, ile ni maneno, na kompaila hukagua kabla programu haijaanza kufanya kazi. Katika Lisp aina hukaa kwenye thamani yenyewe. Namba inajijua kuwa ni namba, neno linajijua kuwa ni neno, na jina la parameta linaweza kushika chochote. Kwa hiyo mtu akiuliza "parameta ya pili ya fanksheni hii ni ya aina gani?", jibu la kweli mara nyingi ni kwamba haina aina mpaka mtu aitangaze. Wengi wanaotoka Java hukatishwa tamaa hapo. Wangepaswa kuendelea kuuliza, kwa sababu swali lao ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja.

Swali la kwanza huulizwa thamani: wewe uliyeletwa, ni nani? Common Lisp inayo amri iitwayo check-type kwa kazi hiyo, na tabia yake inafaa kufundishwa taratibu. Thamani isipofaa, programu haifi. Inasimama palepale, inaeleza ilitarajia nini na imepewa nini, na inatoa nafasi ya kuletewa thamani nyingine, kisha kazi inaendelea kutoka ilipoishia. Tuseme karani wa maji huko Nyamuswa ameandika kina cha kisima kuwa "mita arobaini" kwa maneno. Programu iliyoandikwa hivyo inaweza kumrudia yeye mwenyewe, kumwonyesha alichoandika na kuomba namba, badala ya kutupa ukurasa mzima wa rekodi alizoingiza tangu asubuhi.

Swali la pili huulizwa fanksheni: wewe, unapokea nini? Hapa watoto wa ukoo mmoja wanatofautiana, na tofauti zao ni somo kubwa kuliko swali lenyewe. Kiwango cha ANSI cha Common Lisp, kilichopitishwa mwaka 1994, hakilazimishi fanksheni ya kawaida ikumbuke aina za parameta zake baada ya kukompailiwa. Kinaruhusu mfumo ujibu kwamba haujui. SBCL, ambayo ni moja ya mifumo ya bure inayotumika sana, huenda mbali zaidi: huonyesha orodha ya parameta na aina zilizotangazwa au zilizokisiwa na kompaila, na kwa kawaida huichukulia kila tangazo la aina kuwa ahadi ya kukaguliwa wakati programu inaendeshwa. Halafu kuna upande wa CLOS, mfumo wa klasi wa Common Lisp. Huko fanksheni moja huwa na methodi nyingi, na kila methodi hubeba klasi za parameta zake za lazima kama sehemu ya nafsi yake. Programu ikiwa kazini, fanksheni hiyo inaweza kuulizwa ina methodi zipi, na kila methodi ikaulizwa inamtaka nani. Gregor Kiczales, Jim des Rivières na Daniel Bobrow waliuandikia utaratibu huo kitabu kizima mwaka 1991, na mifumo mingi ya Common Lisp imeufuata ingawa haukuingizwa kwenye kiwango rasmi.

Clojure, aliyoitoa Rich Hickey mwaka 2007, huhifadhi majina ya parameta kwenye maelezo yanayoambatana na fanksheni, pamoja na vidokezo vya aina ikiwa mwandishi aliviweka. Mwanafunzi lazima aelezwe mapema kwamba kidokezo hicho kwa kawaida ni msaada kwa kompaila tu, na hakilindi mlango. Akipitisha neno mahali palipodokezwa kitu kingine, anaweza kufika mbali sana ndani ya programu kabla kosa halijajitokeza, tena kwa ujumbe usiotaja chanzo chake. Ulinzi wenyewe unaweza kupatikana kwa maktaba ya spec, iliyokuja na Clojure 1.9, Desemba 2017. Kwa spec, sharti la kila parameta huandikwa kama fanksheni ya ndiyo au hapana, husajiliwa chini ya jina, na yeyote anaweza kuliomba na kulisoma programu ikiendelea.

Racket inastahili nafasi yake peke yake. Mwaka 2002 Robert Findler na Matthias Felleisen walionyesha jinsi fanksheni inavyoweza kufungiwa mkataba ambao, ukivunjwa, hutaja upande uliouvunja: aliyeleta kitu kisichokubaliwa, au aliyepokea vizuri kisha akarudisha kisicho sahihi. Watu wa ofisi za umma wataelewa uzito wa jambo hilo haraka kuliko wanasayansi. Takwimu zikionekana mbovu Dodoma, kijiji husema ni mfumo, mfumo husema ni kijiji, na mwaka wa fedha unaisha. Mkataba wa Racket huandika jina la upande husika palepale kosa linapotokea.

Sasa turudi Mara, maana hapa ndipo ukaguzi wa aina huacha kuwa zoezi la darasani.

Mji wa Musoma uko kwenye latitudo ya digrii 1 na nusu kusini mwa ikweta, longitudo ya digrii 33.8 mashariki. Katika kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikidondoka, kisima cha Musoma kinahamia pande za Ngora na Kumi, mashariki mwa Uganda. Namba mbili zikibadilishana nafasi, kisima kinaishia Afrika ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Aljeria na Moroko. Thamani zote hizo ni namba za desimali halali. Kompaila kali kuliko zote, ikiambiwa tu kwamba parameta mbili ni za desimali, itazipitisha bila neno. Lakini mwanafunzi wa CLOS anaweza kutengeneza klasi ya latitudo na klasi ya longitudo, na kuanzia hapo kuzibadilisha nafasi hakuwezekani bila fanksheni kulalamika. Mwanafunzi wa Clojure anaweza kuandika sharti kwamba latitudo ya Mara huanzia karibu digrii 1 na haivuki sana digrii 2 na nusu, zote upande wa kusini, na Uganda ikatoka kwenye hesabu.

Mwinuko unafundisha zaidi. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kisima cha Bunda, Butiama au Musoma kikiandikwa mwinuko wa mita 0, kimewekwa zaidi ya kilomita moja chini ya ziwa. Wakati huohuo mita 0 au mita chache ni jibu zuri kabisa kwa Bagamoyo au Kilwa. Kwa hiyo parameta ya mwinuko haiwezi kukaguliwa peke yake. Uhalali wake unategemea parameta ya mkoa. Aina za kawaida za lugha nyingi zinazofundishwa vyuoni hazina namna nyepesi ya kusema hivyo. Sharti lililoandikwa kama fanksheni hulisema kwa mistari michache, na kwa kuwa linafanya kazi wakati programu inaendeshwa, linaziona thamani zote mbili zikiwa pamoja.

Kuna pia mipaka ya utawala, ambayo haikai mahali pamoja. Wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma Vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Bunda ikaja kupata Halmashauri ya Mji kando ya ile ya Wilaya. Mtu akifungua orodha ile ya vituo 59,400 kutafuta wilaya ya Butiama atarudi mikono mitupu. Maji ya Butiama yamo chini ya jina la zamani. Programu iliyoandikwa leo ikiwa na orodha ngumu ya majina ya wilaya itazikataa rekodi za 2011 ingawa zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa. Iliyoandikwa wakati ule ingeikataa Butiama. Sharti la haki ni lile linalopokea jina pamoja na tarehe, na linaloweza kuonyeshwa kwa afisa mpya anayeuliza kwa nini rekodi yake imerudishwa.

Saa nazo zina mtego. Mhudumu wa pampu anayesema mashine iliwashwa saa 2 anamaanisha saa 2 asubuhi, na kila mtu kijijini anamwelewa. Mfumo uliotengenezwa mbali unaandika usiku wa manane na saa mbili zaidi. Namba ni ileile, aina ni ileile, na hesabu ya mafuta ya dizeli ya mwezi mzima inapinda.

Na wapo wananchi wenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikibandikwa kwenye jedwali la Excel kama namba, tarakimu 15 za mwanzo zinabaki na 5 za mwisho zinageuka kuwa sifuri, kwa hiyo watu waliozaliwa siku moja na kusajiliwa mahali pamoja wanaanza kufanana. Common Lisp haina kikomo hicho kwenye namba kamili na ingeitunza nzima, lakini hata hivyo mwanafunzi afundishwe kuuliza: je, kuna siku mtu atajumlisha namba mbili za NIDA? Kama haipo, basi kitu hicho ni maneno yaliyoandikwa kwa tarakimu, na fanksheni inayokipokea iseme hivyo waziwazi. Namba za simu zinazoanza na sifuri zina kilio hichohicho.

Mpima pamba wa chama cha msingi Bunda hakubali gunia kwa kuwa limeandikwa "pamba". Huingiza mkono ndani kabla ya kulipandisha kwenye mzani. Fanksheni inayopokea takwimu za watu inastahili kuwa na mkono huo.

Faida ya kulifundisha hili kwa Lisp ni kwamba sharti, likishaandikwa, linabaki kuwa data ambayo programu inaweza kuisoma. Sharti hilohilo linaweza kulinda mlango wa fanksheni. Linaweza kuandika ujumbe wa kosa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtendaji wa kijiji. Linaweza kuchapisha maelekezo ya fomu ya karatasi. Linaweza hata kuzalisha rekodi za majaribio, kwa sababu spec ya Clojure hutengeneza mifano yenyewe kutokana na masharti. Ofisi nyingi leo zina mambo hayo manne katika sehemu nne: fomu ya Word inasema hivi, mwongozo unasema vile, programu inakagua kitu cha tatu, na mtaalamu aliyejua cha nne amehamishwa. Kampuni ya Ona yenye makao Nairobi, inayojenga mifumo ya kukusanya takwimu za uwandani, imeandika sehemu za kazi yake kwa Clojure na kuziweka wazi, ikiwemo maktaba iitwayo Milia. Kwa hiyo ukoo huu si mgeni Afrika Mashariki, na mwanafunzi wa Butiama anaweza kusoma msimbo wa watu walioko upande wa pili wa mpaka.

Pingamizi zipo, na zinastahili kujibiwa kwa uzito wake. La kwanza ni ajira: matangazo ya kazi yanataka Python, Java na PHP. Ni kweli, na barua hii haiombi mojawapo iondolewe. Python nayo inaweza kuulizwa parameta za fanksheni na aina zilizotangazwa, na Java vilevile. Lakini katika lugha hizo uwezo huo umefungwa ndani ya maktaba ambayo mwanafunzi huiita bila kuiona ndani. Katika Lisp anaweza kuandika mkaguzi wake mwenyewe kwa kurasa chache, akaona kila hatua, kisha akirudi kwenye Python anaelewa kile alichokuwa anakariri. La pili ni kasi, kwa kuwa kila ukaguzi hula muda. Kwa rekodi za maji za wilaya tatu muda huo hauonekani, na pale unapoonekana, ukaguzi wa spec unaweza kuwashwa mlangoni pa mfumo na kuzimwa ndani.

La tatu ni gumu zaidi. Wanaopenda lugha zenye aina kali husema kosa likigunduliwa programu ikiwa kazini limeshachelewa. Kwa makosa ya mwandishi wa programu wana haki. Ila kompaila ya Dar es Salaam haiwezi kujua karani wa Kibara ataandika nini mwaka ujao. Mwaka 1999 unatoa mifano miwili kutoka shirika moja. Septemba 23 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa paundi na nyingine ikavipokea kana kwamba ni vya metriki. Pande zote mbili zilikuwa zinapeana namba halali. Mei ya mwaka huo wahandisi wa NASA walikuwa wanaendesha programu ya Lisp ndani ya chombo cha Deep Space 1, makumi ya mamilioni ya kilomita kutoka duniani. Ilipokwama waliweza kuichunguza ikiwa hukohuko angani na kutengeneza njia ya kuinusuru. Hawakuwa na namna ya kwenda kuizima na kuiwasha upya.

Jambo moja lisisahauliwe katika mtaala huo, kwa sababu likisahauliwa ukaguzi utaleta madhara makubwa kuliko sifuri. Fomu ikilazimisha mwaka wa ujenzi wa kisima, na mzee anayekijua kisima hayupo tena, mkusanyaji atabuni mwaka. Ataandika 1985 au 1990, namba safi itakayopita kila sharti, na hakuna atakayeishuku kamwe. Sifuri 20,709 angalau zinajitangaza. Kwa hiyo kila aina inayotengenezwa kwa ajili ya takwimu za watu iwe na nafasi halali ya "haijulikani", iliyo tofauti na sifuri, tofauti na kimya, na fanksheni ilazimike kuamua itaifanya nini. Mwanafunzi aliyewahi kukaa na mwenyekiti wa kitongoji wakijaza fomu ataelewa hilo bila mhadhara. Hapo ndipo Azimio la Musoma lilipotaka msomi apitie.

Utekelezaji hauhitaji bajeti kubwa. SBCL, Racket na Clojure ni za bure, na SBCL hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mkononi iliyochakaa, bila intaneti, ikishapakuliwa mara moja. Orodha ya vituo vya maji iko hadharani. Zoezi la kwanza linaweza kuwa rekodi 1,969 za Mara: kila mwanafunzi aandike masharti ya latitudo, longitudo, mwinuko, mwaka wa ujenzi na wilaya, ahesabu rekodi ngapi zinakataliwa na kwa sharti lipi, kisha achague kumi kati ya zilizokataliwa na kueleza kwa maandishi kama kosa ni la rekodi au ni la sharti lake. Zoezi la pili liwe kwenda. Mradi wa maji unaotoka Mugango kupitia Kiabakari hadi Butiama umebadilisha ramani ya maji ya eneo hilo tangu orodha ile ikusanywe; wanafunzi wavitembelee vituo vilivyo karibu na chuo, walinganishe, na warekebishe masharti yao kwa walichokiona.

Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliozaliwa kwa sheria ya mwaka 2019, na maafisa TEHAMA wa halmashauri wanaombwa jambo moja dogo la kuunga mkono kazi hiyo: kila mfumo wanaoutumia kupokea takwimu uwe na ukurasa unaoonyesha, kwa Kiswahili, kila sehemu inapokea nini na inakataa nini. Pale ambapo mkandarasi wa mfumo hawezi kuutoa ukurasa huo kutoka kwenye programu yenyewe, aulizwe kwa nini, na sharti hilo liingizwe kwenye mkataba wake unaofuata.

Chuo kikikubali kujaribu kwa kundi moja la wanafunzi, muhula mmoja, matokeo ya zoezi la kwanza yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata za Butiama, ili wananchi wayasome na kuyasahihisha.

Wenu katika kazi,
Mwandishi

Nakala:
Maafisa TEHAMA, Manispaa ya Musoma na Halmashauri ya Wilaya ya Musoma
Maafisa TEHAMA, Halmashauri ya Wilaya na ya Mji wa Bunda
Afisa TEHAMA, Halmashauri ya Wilaya ya Butiama
Meneja wa RUWASA, Mkoa wa Mara